Nyota ya Kijani Chini ya Sahani za Mama

Enzi zetu sahani ilikuwa na kwao. Leo mtu anaagiza chakula kwa simu, kinaletwa ndani ya boksi jepesi kama povu, anakula, boksi analitupa mtaroni, mvua ikinyesha linateremka zake Jangwani kutembea. Hakuna wa kumuuliza boksi la nani. Sisi tuliolelewa Kariakoo ya nyumba za vyumba sita, korido katikati na uani nyuma, tunajua kwamba chombo kina mwenyewe kama mtoto alivyo na mama yake. Kikipotea kinatafutwa, na kikikutwa mahali, watu wanaulizana kimefikaje.

Nakumbuka ikitokea shughuli mtaani, iwe harusi au msiba, hakuna aliyekodi vyombo. Vyombo vilitoka majumbani mwa watu, na sisi watoto ndio tuliotumwa kuvikusanya. "Nenda kwa Bi Zena, mwambie mama anaomba masinia mawili na bakuli za mchuzi. Na shikamoo usiisahau, ukiisahau utarudi uanze upya." Tulipita mitaani na masinia kichwani, jua linayapiga, yanatuunguza utosi, na bado tunasimama kuangalia wanaocheza bao.

Basi kila nyumba ilikuwa na alama yake, imechorwa chini ya chombo kwa rangi. Kwetu vitone vitatu vyekundu. Nyumba ya kona, mwezi mweupe. Mama mmoja wa Kingoni aliyekuja na mumewe kutoka Songea alikuwa na msalaba wa buluu. Kulikuwa na bibi mmoja mkali kama pilipili mbuzi, yeye hakuchora kitu. Alitoboa kila sufuria kwenye ukingo kwa msumari, akasema rangi hufutika lakini tundu halisemi uongo. Na Bi Zena, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, alikuwa na nyota ya kijani.

Shughuli ikiisha, asubuhi yake vyombo vinamwagwa uani, vinasuguliwa kwa majivu na mchanga, vinapangwa juu ya jamvi matako juu vikauke. Hapo ndipo nilipokuwa malkia. Shule nilifika darasa la nne nikaishia hapo, sioni haya kusema, lakini alama za vyombo nilizisoma kuliko mwalimu anavyosoma majina ya wanafunzi wake. Akina mama wamekaa vibarazani na chai yao ya tangawizi, miguu imewavimba kwa kusimama jikoni, mimi nagawa. Hii kwetu. Hii kwa Bi Zena. Hii kwa mama wa Songea.

"We Mwamvua, hilo sinia umelipeleka siko!"

"Ndiko, mama. Tazama mwezi huo."

Wanalipindua, wanaukuta mwezi, wanacheka mpaka chai inawamwagikia. Sikuwahi kukosea. Na nilijua kwa nini kazi ile ina heshima, maana mama yangu alikuwa na neno lake: "Chombo cha mtu kikilala kwako siku tatu, kinaanza kusema." Kukutwa na chombo chenye alama ya mwenzio ilikuwa aibu ya kuhamia mtaa mwingine.

Sasa niwaambie habari ya sahani zenyewe.

Mama yangu alikuwa anauza vitumbua karibu na lango la soko. Mikono yake ilinukia iliki hata akitoka kuoga. Baba alikuwa mbeba mizigo bandarini, mtu mzuri, ila akirudi na mgongo unaouma, kila kitu humo ndani kilimkera, hata paka. Tulipanga vyumba viwili. Na katika kile cha mbele, penye kabati la vioo lililokuwa na mguu mmoja wa tofali, mama alipanga sahani za Kifaransa.

Si zile sahani za bati zenye waridi jekundu mlizokuwa nazo nyote. Hizi zilikuwa pana kama kifuniko cha sufuria ya pilau, nyeupe rangi ya tui, ukingoni zimezungushiwa dhahabu, na ndani ya dhahabu mkufu wa maua madogo ya zambarau. Ukiinua moja dirishani unaona kivuli cha vidole vyako upande wa pili. Ukiigonga kwa ukucha inalia, inalia, mpaka wewe unachoka. "Za Kifaransa," mama alikuwa akisema, kwa sauti ya mtu anayetaja mkwe tajiri. Ya kwanza siikumbuki ilivyokuja, nimekua nimeikuta. Lakini nyingine niliziona zikiingia moja moja. Unaamka asubuhi, kabatini pameongezeka moja. Miezi inapita, unaamka, nyingine. Mpaka zikatimia kumi na mbili.

Hakuna aliyewahi kuzilia. Sisi tulikula kwenye bati, ugali na dagaa, tunazitazama. Baba aliuliza, "Mwanamke, hayo maua utayatafuna?" Mama akamjibu huku anapepeta unga, wala hakuinua uso: "Macho nayo yana njaa." Baba akanyamaza. Siku nyingine hakunyamaza.

Siku moja baada ya alasiri, nikiwa na kama miaka tisa hivi, tulikuwa tunacheza rede uchochoroni, mimi na Hawa mtoto wa Bi Zena na wenzetu. Nikaenda kuokota mpira nyuma ya nyumba. Nikamwona mama anatoka mlango wa uani wa Bi Zena. Bi Zena mwenyewe hayupo, nimetoka kumwona dukani. Mama kabana kitu cha duara ndani ya buibui, anaangalia kushoto, anaangalia kulia, kama kuku anayetaka kuvuka barabara. Akaingia kwetu. Kesho yake asubuhi, kabatini pameongezeka sahani.

Sikulitia akilini mpaka kabla ya sikukuu, mama aliponiruhusu kwa mara ya kwanza kuzifuta vumbi. "Mikono miwili," akaniambia, "kama unapokea mtoto mchanga." Nikaishika ya kwanza kwa mikono miwili. Nikaipindua, kwa mazoea tu, wala si kwa ubaya. Mkono wangu ulishazoea kupindua.

Chini kulikuwa na vitone vyetu vitatu, vimepakwa kwa rangi nyekundu ya kucha. Na chini ya vitone, imefunikwa lakini ncha zimechungulia, nyota ya kijani.

Nikapindua ya pili. Nyota. Ya tatu. Nyota, na juu yake vitone. Zote kumi na mbili.

Nyie mliokuwa watoto enzi zile mnajua nilichosoma. Ningekuwa mtoto wa siku hizi ningepiga picha nikauliza ulimwengu mzima. Lakini mimi nilikuwa msomaji wa alama, nilijiamini, na alama zilikuwa wazi kuliko maandishi ya msahafu: mama yangu kaiba sahani za Bi Zena, moja moja, akapaka rangi yetu juu ya rangi yake. Nikajiambia maskini Bi Zena anazo sandukuni, hata hajui kwamba zinapungua, anadhani mama kanunua zinazofanana na zake. Na anakuja kwetu kila siku, anakaa mbele ya kabati, anasifu, "Mwenzangu, sahani zako hizi!" na mama anatabasamu. Nikamwona mama ni mtu wa kutisha.

Sikumwambia yeyote. Mtoto wa Kiswahili hamwiti mama yake mwizi, bora ameze kaa la moto. Nikalimeza. Bi Zena akinipa kipande cha mkate wa kumimina nampelekea paka uani. Tukicheza rede, Hawa akiwa katikati, namrushia mpira wa kizembe ili asipigwe. Naye alikuwa mjanja, akanivuta pembeni. "We Mwamvua, una nini? Unanionea huruma kama nina kilema." Nikamwambia mkono unaniuma. Taratibu nikawa simfuati tena. Urafiki wetu ukafa hivyo, bila ugomvi, na yeye hakujua kosa lake mpaka amezeeka.

Nikakua. Nikaposwa. Siku tatu kabla ya ndoa mama akaniita chumbani. Alikuwa ametandika kanga kitandani, juu yake sahani sita, amezifuta zinang'aa. Akaniambia, "Nusu zako. Nusu nitabaki nazo nikifa uje uchukue."

Nikasema, "Sizitaki."

"Kwa nini, mwanangu?"

"Hazinifai."

Hakuuliza tena. Akazirudishia kanga, moja, nyingine, nyingine, anakunja polepole kama anayemfunika mgonjwa. Mume nimezika, watoto wawili nimezika, lakini ile mikono ya mama inakunja kanga ndiyo iliyokuwa ikinijia nikikaa peke yangu.

Bi Zena na watu wake walihama wakaenda Jangwani, kule bondeni, kodi ilikuwa nafuu. Ikaja mvua kubwa mwaka mmoja, maji yakaingia mpaka madirishani, yakawachukulia kila walichokuwa nacho, magodoro, vyombo, cheti cha ndoa. Wakavuka Kigamboni kwa ndugu yao. Nilipopata habari sikulala. Nikasema, watu hawana hata kikombe, na sahani zao ziko kwetu kabatini zinameremeta. Mama alipofariki zikaja kwangu. Nikazitia kwenye boksi, boksi chini ya kitanda, na sikulifungua. Mtu mwenye aibu haichungulii aibu yake. Ile nyumba yetu ikabomolewa, pamesimama ghorofa la maduka ya simu, na boksi bado liko chini ya kitanda.

Sasa mjukuu wangu Salma, ambaye nimemlea mwenyewe na amesoma mpaka chuo, sijisifu bure, mwaka huu akapata mchumba. Siku moja anafagia uvunguni akalivuta boksi. Nikasikia ukelele, nikadhani nyoka.

"Bibi! Unazo hizi, na unatulisha kwenye plastiki? Watu wanazikusanya hizi, bibi, wanatafuta moja moja dunia nzima! Nataka ziwe kwenye meza yangu ya harusi."

"Rudisha ulipozitoa."

"Bibi, jamani."

"Haziendi kwenye harusi yoyote, nazipeleka kwa wenyewe. Nina miaka sabini na ushei, sitaki kwenda kumkuta Bi Zena huko mbele ananiuliza sahani zake."

Nikamweleza yote, ilibidi. Alinisikiliza na mdomo wazi. Kesho yake tukazifunga kwenye kanga kuukuu, boksi tukalipakia kwenye bajaji mpaka Magogoni, tukapanda pantoni kuvuka Kigamboni. Nilikaa nimelipakata boksi kwa mikono miwili. Muuza samaki mmoja akaniuliza, "Bibi, shikamoo, umebeba kitoweo gani unakikumbatia hivyo?" Nikamwambia, "Marahaba. Nimebeba dhambi." Akasogea pembeni na ndoo yake.

Bi Zena kafariki siku nyingi. Tulimkuta Hawa. Amenenepa, meno ya mbele kayaaga, lakini macho ni yale yale ya uchochoroni. Akanitazama, akatazama boksi.

"Mwamvua? Leo mkono hauumi?"

Nikataka kucheka nikashindwa. Nikakaa mkekani, hata maji sikunywa, nikafungua boksi nikazipanga mbele yake matako juu, kama zamani baada ya shughuli. Nikamwambia: "Hawa, hizi ni sahani za mama yako. Mama yangu alizichukua. Nimelijua hilo tangu mtoto na nikanyamaza. Nimekuja kuzirudisha, na kumwombea radhi marehemu mama yangu. Ukikataa kumsamehe sitakulaumu, lakini chukua."

Kuku akapita juu ya mkeka, Hawa hakumfukuza. Kisha akaniuliza taratibu, kama anayemuuliza mtu mwenye homa: "Nani kakwambia mama yako aliiba?"

"Nilisoma alama. Nyota ya kijani iko chini ya vitone vyetu. Na nilimwona kwa macho yangu anatoka na sahani kwenu, amejificha."

"Alikuwa anamficha baba yako, mwendawazimu wewe!"

Hapo ndipo akaanza kucheka, mwili mzima unatikisika, machozi yanamtoka. "Sahani zilikuwa zinalala kwetu! Mama yako akinunua kwa mzee mmoja wa Kihindi aliyekuwa akiuza vitu vikuukuu, ana kasha zima limeachwa na Wazungu waliorudi kwao, anampa moja moja kadiri vitumbua vinavyolipa, mama yako anaogopa kuingia nayo nyumbani baba yako akiwa na mgongo wake. Basi anaileta kwa mama, inakaa uvunguni. Baba yako akipata siku njema bandarini, ndiyo inahamia kwenu. Mlango wa uani alijifungulia mwenyewe, ule mlango ulikuwa wake kama ulivyokuwa wetu."

"Na nyota?"

"Nyota ni ya sahani! Imekuja nayo toka huko kwao. Sisi hatukuwa na alama, tulikuwa tunafunga uzi. Mama alipoiona sahani ya kwanza akaipenda ile nyota, akasema, mwenzangu ana sahani za Kifaransa, mimi sina uwezo, lakini nyota yake nitakuwa nayo hata kwenye sufuria ya maharage. Akachora. Tulikuwa wadogo, lakini nakumbuka, mimi ndiye niliyeshika kopo la rangi."

Salma akafungua mkoba wake, akatoa chupa ya dawa ya kutolea rangi ya kucha, akalowesha pamba, akafuta vitone vya sahani moja. Wekundu wa mama ukatoka na pamba. Na kumbe ile nyota haikuwa peke yake. Imezungukwa na herufi ndogo za kijani, ambazo vitone vilizifunika miaka yote ile, na mimi na darasa langu la nne nikazisoma kwa sauti, moja moja: F, R, A, N, C, E.

Salma akatafuta kwenye simu yake akatuonyesha nyota ile ile, kwenye sahani za watu wengine, ng'ambo huko. Ni alama ya kiwanda. Akasoma zaidi akasema hizi si sahani za kulia, zinawekwa mezani, juu yake inawekwa sahani nyingine ndiyo yenye chakula.

"Sahani ya kukaliwa na sahani!" Hawa akapiga makofi. "Kumbe mama yako alijua. Hakutaka mtu azilie."

Mimi nilikuwa nalia, lakini si kilio cha msiba. Mmeshawahi kutembea siku nzima na kiatu kinachobana, mkakivua mlangoni, kidole kinapumua? Ndivyo nilivyokuwa, na kiatu chenyewe nilikivaa nikiwa na miaka tisa. Mama yangu hakuwa mwizi. Alikuwa muuza vitumbua mwenye macho yenye njaa, na jirani wa kumfichia. Nikamkumbuka anakunja kanga. Lile halina dawa, nimemsomea dua, nitaendelea kumsomea. Salma alikuwa ameshika sahani ya pili na pamba yake, nikamshika mkono. "Usifute. Hivyo vitone ni mkono wa bibi yako mkuu."

Nikamwambia Hawa achukue nusu. Akakataa katakata. "Nichukue kwa lipi? Unataka na mimi nife mwizi?" Kisha akaitazama ile moja iliyokuwa karibu yake, akaigonga kwa ukucha, ikalia. Akasema: "Ila Ijumaa naletewa posa ya mjukuu. Niazime hii moja niwekee haluwa. Nitairudisha."

Niazime! Tangu lini sikuwa nimelisikia neno hilo kutoka kwa jirani? Nikampa kwa mikono miwili.

Harusi ya Salma imepita mwezi uliopita, Alhamdulillah. Mpambaji alikuja na gari zima la sahani za plastiki zilizopakwa rangi ya dhahabu, za kuweka chini ya sahani, amekodisha kwa mamia, akatuambia ndiyo mtindo mpya wa mjini. Mtindo mpya! Nikamwacha aseme. Usiku huo huo zikarudi kwenye gari zote sawasawa, hazina alama, hazina kwao, hakuna mtoto aliyezipindua. Lakini kwenye meza ya bibi harusi zilikaa zetu, na vitone vyake chini.

Vijana wetu wana kila kitu, sibishi. Wana friji, wana simu, anachotaka analetewa mlangoni. Lakini milango ya uani imefungwa, na mtu anaweza kukaa ghorofani miaka kumi bila kujua chumvi ya jirani iko wapi. Enzi zetu ulikuwa huwezi hata kuoa bila vyombo vya watu, na vyombo vya watu vilikufanya uwajue watu. Naukumbuka ule uani wa asubuhi, chai ya tangawizi, masinia yamelala matako juu, na mama yangu anacheka.

Siku hizi nimenunua kabati la vioo. Wageni wakija wanahesabu, wanakuta sahani kumi na moja na pengo katikati. Wananiuliza, ya kumi na mbili imevunjika?

Nawaambia haijavunjika. Iko Kigamboni, kwa Hawa, imeazimwa.